Jiwe Lililoitwa Fedha

Mwezi uliopita, mnadani Morotonga, bibi mmoja alinifungulia kikopo chake cha ugoro ili nione alichokificha chini kabisa. Kabla sijaona chochote nikapiga chafya, nikapiga nyingine, machozi yakanitoka. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mnunuzi gani wewe," akasema, "ugoro tu unakushinda?" Akakung'uta kikopo kiganjani, na kutoka kwenye ule unga wa kahawia ikaanguka shilingi ya zamani, nyeusi, yenye simba. Tukaelewana bei, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaondoka. Lakini ile harufu ilinifuata njiani, ikaingia nami nyumbani, na nilipokaa kuvua viatu nikajikuta niko tena Kenyamonta, katika nyumba ya Mama, msichana wa darasa la sita asiyejua tofauti ya maneno mawili madogo.

Maneno yenyewe ni pesa na fedha.

Kwetu Kiswahili kilikuwa cha shuleni, kanisani na redioni. Nyumbani tulisema Kikurya, na Kiswahili tulikiazima kilipohitajika, kisha tukakirudisha kwa wenyewe. Pesa tulilijua, maana ndilo neno la dukani. Fedha lilikuwa neno la wakubwa. Redioni alikuwepo Waziri wa Fedha, nami nilidhani fedha ni pesa iliyovaa suti. Kanisani tulisomewa kwamba Yesu aliuzwa kwa vipande thelathini vya fedha, na akilini mwangu nikaona noti moja kubwa iliyochanwachanwa. Nilimshangaa sana Yuda. Alikwenda nazo duka gani, na nani alimpokelea noti iliyochanika? Nilipomuuliza mwalimu wa Jumapili aliniambia nisikilize neno la Mungu, nisilete fujo.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi dhahabu ilivyotugeuza. Machimbo yalikuwa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, lakini yalitufikia kila siku. Wavulana wa darasa langu walipungua kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Wanaume waliosaga mawe walirudi jioni weupe nywele na kope, ungedhani wametoka mashine ya unga, na waliwanunulia soda watu wasiowajua. Kila mtu alikuwa na habari ya mtu aliyelala maskini akaamka na pikipiki. Wageni walipita na karai begani, wakaomba maji, wakauliza njia kwa Kiswahili cha Mwanza, cha Shinyanga, cha Kenya, na sisi watoto tukawajibu kwa kuonyesha kidole.

Baba hakuwa mchimbaji. Alikuwa mpimaji. Mizani yake ilikuwa vifuniko viwili vya kopo la kahawa vilivyoning'inizwa kwa uzi kwenye kijiti, na mtu angeweza kuicheka mpaka aione ikifanya kazi. Wachimbaji waliokuwa wakipeleka dhahabu yao Mugumu kuuza walipita kwetu kwanza ili wajue wamebeba nini, wasije wakadanganywa mbele. Baba alianza kila mara kwa namna ile ile. Katika sahani hii aliweka jiwe la mizani, katika ile akaweka nati kubwa aliyoikwangua kwa tupa hadi ikalingana nalo, kisha akaachia mkono. Watu wote walinyamaza wakitazama kijiti kikitulia. Hapo tu ndipo dhahabu ilipofunguliwa kwenye karatasi yake. Waliokuwa na kidogo walipimiwa kwa njiti za kiberiti, lakini hata wao walitaka kwanza walione jiwe.

Jiwe hilo lilikuwa bapa, la duara, jeusi kwa mikono ya watu. Upande mmoja ulikuwa na majani yaliyosokotwa na maandishi tusiyoweza kuyasoma. Upande wa pili ulikuwa na kichwa cha mzungu mwenye sharubu zilizopinda kwenda juu, na juu ya kichwa chake amekaa ndege, mabawa wazi. Mdogo wangu Marwa alishikilia kuwa ni kuku. Robi, kitinda mimba wetu, alimuuliza Baba kwa nini yule mtu hamfukuzi.

"Amemzoea," Baba akajibu, bila kucheka.

Tukamwita mzungu yule Baba Kuku. Kitu chenyewe tukakiita jiwe, kama Baba alivyokiita, na hatukuwahi kufikiri kwamba kabla ya kuwa jiwe kiliwahi kuwa kitu kingine.

Baba alikufa kwenye duara, shimo la wachimbaji, yeye ambaye hakuwahi kuchimba. Aliteremka kumwita mtu, udongo ukashuka. Mama akashika mizani. Kisha Mama naye akaanza kukohoa, akakonda, akalala, na mimi nikaacha shule ili kupika uji, kufua na kushika mizani. Wachimbaji mwanzoni walinitazama kwa shaka. Nikaweka jiwe huku, nati kule, nikaachia mkono, kijiti kikatulia, nao wakafungua karatasi zao. Nilielewa kuwa hawakuwa wakiniamini mimi. Walikuwa wakiliamini jiwe, na mimi nilikuwa kama msumari lilipotundikwa.

Siku Mama alipotuaga alisema yote kwa Kikurya. Nisiwaachie wadogo zangu. Mlango ufungwe mapema. Kuku mwekundu asichinjwe, anataga vizuri. Kisha akasema fedha ya baba yenu msiiuze, na katika maneno yote ni hilo moja tu, fedha, lililotoka kwa Kiswahili. Shangazi yetu, dada yake Baba aliyeolewa Isebania, upande wa Kenya, alikuwa ameketi miguuni pa kitanda. Aliacha kumkanda Mama miguu. Nilimwona akigeuza shingo kunitazama.

Basi matanga yalipoanza kupoa, kila mtu alikuwa amekwisha kusikia kwamba marehemu ameacha fedha. Baba mdogo wetu, aliyekaa Kisaka, alichimbua mahali pa mafiga kwa jembe. Shangazi alipasua godoro la majani na kulikung'uta uani, kuku wakafurahi. Walitazama ndani ya vibuyu, juu ya paa, nyuma ya picha ya harusi. Mizani ilikuwa imetundikwa pale pale kwenye nguzo, na jiwe limelala kwenye sahani yake. Baba mdogo aliisogeza kwa mkono ili atazame nguzo.

"Huyu msichana anajua," Shangazi akasema. "Si useme tu? Kwani tutakukula?"

"Sijui, Shangazi."

"Mama yako amesema msiuze. Mimi nilikuwa hapo, ama sikuwa?"

"Ulikuwepo."

"Sasa huwezi kukatazwa kuuza kitu hakuna. Iko wapi?"

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba swali langu lilikuwa tofauti na lao. Wao walijiuliza fedha iko wapi. Mimi nilijiuliza inauzwaje. Pesa unanunulia vitu. Unaiuza kwa nani, na akishaichukua anakupa nini, pesa nyingine? Kama Mama alitukataza kuiuza, je, kuitumia aliruhusu? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikalisonga pamoja na ugali.

Wazee wakakubaliana kwamba baada ya kuvuna mtama kitafanyika kikao. Marwa angechukuliwa na Baba mdogo akachunge Kisaka. Robi angekwenda Isebania kwa Shangazi. Mimi ningekaa na bibi yeyote wa ukoo anayehitaji mtu wa kumchotea maji. Na fedha, walisema, itafuata watoto. Hapo ndipo walipobishana, kwa sababu Baba mdogo aliona ifuate mvulana, na Shangazi aliona ifuate aliye mdogo. Robi aliahidiwa viatu vyekundu, akaanza kukunja gauni lake kila jioni, tayari kwa safari. Mimi niliwaza jambo moja tu: nikiwatangulia kuipata hiyo fedha, nitawaambia tunaweza kujilisha, watuache watatu pamoja kama Mama alivyosema. Nisipoipata, watatugawa, na juu yake nitaitwa mwizi.

Nikakumbuka kibao. Nilikiona Mugumu siku tulipompeleka Mama hospitali, juu ya mlango wa duka dogo la buluu: TWANUNUA DHAHABU NA FEDHA. Siku ile kilinichekesha. Sasa nikaona kwamba ikiwa kuna fedha isiyotakiwa kuuzwa, lazima yupo mtu anayeinunua, na mtu huyo atakuwa anajua inafananaje. Nikawaacha wadogo zangu kwa jirani, nikaenda Mugumu.

Mwenye duka aliitwa Sonara na kila mtu, hata na mke wake. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia nyeupe, asili yake pwani, na Kiswahili chake kilikwenda taratibu, kila neno limepigwa pasi. Kazi yake ya mchana ilikuwa kununua dhahabu ya wachimbaji na kufua pete. Nilimwamkia, nikamwambia shida yangu bila kuzunguka: natafuta fedha ya baba yangu, sijui ikoje.

Aliweka chini pete aliyokuwa akiifua. "Mwanangu, pesa na fedha wavichanganya."

"Si ni kitu kimoja?"

"Mdomoni mwa watu ni kimoja. Mezani kwangu ni viwili." Akatoa noti mfukoni, akailaza. "Hii pesa. Karatasi. Leo wanunua kilo ya sukari, mwakani robo." Kisha akafungua bati la biskuti lililojaa vitambaa vilivyokunjwa, akafunua kimoja, akaweka kando ya noti shilingi moja nyeusi, yenye simba na milima nyuma yake. "Na hii ni fedha. Madini. Imo ndani yake, kama dhahabu ilivyomo kwenye jiwe. Dukani hawaipokei, serikali haiitambui, lakini yenyewe haijui kama imekufa."

Nikasema, "Kwa hiyo wewe unanunua pesa iliyokufa kwa pesa iliyo hai."

Sonara alicheka mpaka akavua kofia. "Umesema vizuri kuliko kibao changu. Nenda kwenu ukawaulize mabibi. Wao hawakutupa kitu. Ukizipata zenye simba niletee, nitakupa zilizo hai."

Niliondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja, lakini nikiwa na kazi. Nilijua nyumbani kwetu hakuna shilingi yenye simba, maana Shangazi alikwisha kupekua hata masikio ya kuku. Labda Baba alimwachia bibi mmoja amtunzie. Nikachukua sabuni, chumvi na sukari kidogo vya kubadilishana nao, nikaanza kuzunguka. Wakati dunia nzima ilikuwa ikikimbilia dhahabu ng'ambo ya mto, mimi nilikwenda kinyume chao, nyumba hadi nyumba, nikiwauliza wanawake wazee kama wana pesa ambayo haitumiki. Vijana walinizomea njiani: "Wewe dada, huku hakuna mwamba wa dhahabu!" Mabibi walinikalisha, wakaniuliza mimi ni wa nani, wakamlilia Mama kidogo, kisha wakaingia ndani. Wengine walitoa kitu kutoka kwenye fundo la kanga, wengi kutoka chini ya ugoro. Nilijifunza kuziba pua kabla ya kifuniko.

Shilingi nilizozipata nilizipeleka kwa Sonara, akazinunua. Nilidhani atafurahi kwa zote sawasawa, kwa kuwa zote ziliandikwa shilingi moja. Hapana. Aliziweka mbili kando, pacha kabisa machoni pangu, akanilipa vizuri kwa moja na kidogo kwa nyingine. Nikamwuliza tofauti. Akanionyesha mwaka. "Huu walifua nyingi, huu walifua chache." Kwa hiyo thamani yake haikuwa kwenye ile iliyo mkononi, bali kwenye zile ambazo hazipo. Jambo hilo lilinisumbua njia nzima. Nilimtazama Robi akichezea kokoto uani nikajiuliza kama mtu naye huwa wa thamani hivyo, kwa sababu wenzake wamekwisha.

Safari moja Marwa alitaka kunisaidia. Alizichukua shilingi zangu mtoni akazisugua kwa majivu na mchanga, kama tunavyosugua sufuria ya harusi, akanirudishia zinang'aa hata unajiona meno. Nilimsifu, nikampa sukari kijiko kimoja. Sonara alipofungua kitambaa alishika kichwa.

"Lahaula! Nani kafanya hivi?"

"Mdogo wangu. Amezisafisha."

"Amezichuna! Ameniletea ng'ombe bila ngozi!"

"Lakini zilikuwa chafu."

"Ule si uchafu, mwanangu. Ule ni umri." Akanilipa kwa uzito tu, basi. Marwa nilipomweleza aliniangalia kama mtu anayetaniwa. "Kwa hiyo nikioga nashuka bei?" akauliza, na kwa muda mrefu hiyo ikawa sababu yake ya kukataa kuoga.

Sonara mwenyewe alinichanganya. Shilingi nyingine alizinunua asubuhi akaziuza jioni kwa mtu aliyekuja kupitia mpakani Sirari, mwenye kioo cha kukuzia, asiyesema salamu. Nyingine, nzuri zaidi, alizikunja kwenye kitambaa na kuzirudisha kwenye bati, na mtu yule alipozitajia bei kubwa Sonara alitikisa kichwa. Nikamwuliza anazifanyia nini humo. "Zinalala," akasema. "Hizo unazoziona nikiuza ni za kula. Hizi ni za uzee." Jioni nilimwona akizitoa moja moja, akazipangusa kwa macho tu, bila kuzigusa uso, akazirudisha. Sikujua kama mtu huyo ni mfanyabiashara au ni bibi kama wale mabibi zangu, ila bati lake halina ugoro.

Mtama ulikuwa umekwisha kukatwa, umeanikwa, nilipofika kwa bibi mmoja wa Kisaka aliyekuwa karibu kipofu. Alipapasa ndani ya kikopo, akanipa kitu. Nilikigeuza kwenye mwanga wa mlango. Mzungu mwenye sharubu alikuwa akinitazama kwa upande, na ndege kichwani pake.

"Bibi," nikasema, "hili ni jiwe la mizani."

"Jiwe la nini? Hiyo ni rupia. Ya Mjerumani. Baba yangu alilipwa hiyo kwa kubeba mizigo."

Nilikaa chini pale mlangoni. Nakumbuka kuku akipita juu ya miguu yangu, na mimi sikumfukuza.

Nilikwenda Mugumu moja kwa moja, nikaiweka mezani kwa Sonara, nikamwuliza kama hiyo nayo ni fedha. Akaishika kwa kingo, akatabasamu. "Hii ndiyo fedha hasa. Zile za simba zimechanganywa mno, za Mwingereza. Rupia ni fedha karibu tupu, na uzito wake ni tola moja, kipimo chetu cha dhahabu. Ndiyo maana wapimaji wa zamani waliifanya jiwe." Akaniangalia upya, kama anayetafuta mwaka wangu. "Wewe ni binti wa yule mpimaji wa Kenyamonta."

"Ndiyo."

"Ile yake ninaijua. Ina herufi chini ya yale majani ambayo hii haina. Nimemwomba miaka. Nilimwambia nitakupa mabati ya nyumba nzima, na jiwe jingine la shaba la uzito ule ule. Akakataa. Kila nikimwona namwambia, rafiki yangu, niuzie hiyo fedha. Naye ananijibu, fedha hii siuzi."

Basi neno lilitoka hapa, kwenye meza hii, likasafiri na Baba hadi nyumbani, likaingia kwa Mama, likatoka naye. Nilitaka kucheka na kulia, na sikujua kipi kianze.

"Mabati bado yapo," Sonara akasema kwa upole. "Sikulazimishi. Uzito ni ule ule, mwanangu. Jiwe la shaba litapima sawa."

Njiani kurudi nililigeuza jambo hilo. Paa letu lilivuja. Na kama uzito ni ule ule, je, si jiwe lile lile? Lakini shilingi zilikuwa pacha pia, na hazikuwa sawa. Nilifika nyumbani nikalishusha jiwe kwenye sahani, nikaliangalia herufi yake ndogo ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu. Sikuona thamani yoyote pale. Niliona tu alama kama kovu.

Kikao kilikuja. Wazee walikaa uani kwenye viti vya kuazima, Baba mdogo kwenye stuli ya Baba. Shangazi alikuja na mfuko mtupu wa kubebea nguo za Robi, na Robi mwenyewe alikuwa amevaa gauni lake tangu alfajiri. Mchimbaji mmoja mwenye kope nyeupe alikuwa amefika kupimiwa; nikamwomba asubiri, akachuchumaa kwenye kivuli cha ghala.

"Tusizunguke," Baba mdogo akasema. "Fedha ya kaka yangu iko wapi?"

"Ipo."

Shangazi alinyanyua mikono. "Si niliwaambia? Si niliwaambia huyu anajua!"

Nikaingia ndani, nikatoka nalo, nikaliweka kwenye kiganja cha Baba mdogo. "Fedha ya Baba ndiyo hii."

Aliligeuza. Akaliuma. Akaligeuza tena. "Hili ni jiwe la mizani."

"Ndiyo. Ni fedha. Mama alisema tusiiuze."

Mzee mmoja nyuma alianza kucheka kwanza chinichini, kisha wengine wakamfuata, mpaka uwanja wote ukatikisika. "Chacha, mura, nenda nayo dukani ukanunue sukari!" akamwambia Baba mdogo, akimwita kijana kwa Kikurya. Mwingine akasema, "Mpe shangazi, avuke nayo mpaka, wampe Nairobi nzima!" Baba mdogo alilitupa jiwe kwenye mkeka kama kokoto. Shangazi hakucheka. Alilitazama, akanitazama mimi, na nikaona anapima.

"Hiyo tu?" akauliza.

"Hiyo tu, Shangazi."

Mpaka leo sijui jibu lile niliite nini. Waliuliza fedha, niliwapa fedha. Hakuna aliyeniuliza bei, na mimi sikuitaja. Mabati ya Sonara yalikuwa yamenijaa kinywani kama ugali wa moto, nikayameza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Baba mdogo alikumbuka kwamba Marwa bado mdogo, atapotezea watu ng'ombe. Shangazi alisema nyumba yake Isebania ni ya chumba kimoja, na mwenye nyumba ni mkali, hataki watoto. Wazee wakasema basi binti ameonekana ana akili, akae na wadogo zake, ukoo utakuwa ukiwatupia jicho. Wakaondoka kabla ugali haujaiva. Shangazi alikunja mfuko wake mtupu, akauweka kwapani. Nilikuwa nimepata nililolitaka, lote.

Robi alisimama katikati ya uwanja na gauni lake.

"Dada, hawanichukui?"

"Hawakuchukui. Tutakaa wote."

Nilidhani atanirukia. Aliketi chini akalia, kilio cha mtoto aliyeachwa sokoni. "Kwani nimefanya nini?" akauliza. Marwa akamwambia hana haja ya viatu vyekundu, vitachafuka. Robi akalia zaidi. Nilimbeba, mkubwa vile, miguu ikinining'inia magotini, na nilitafuta cha kumwambia. Kwamba walimtaka wakati fedha ilipokuwa neno, na ilipokuwa kitu wakamwacha? Mimi mwenyewe sikuwa nimelielewa hilo. Nilimnong'oneza kwamba kuku mwekundu ametaga, aende akatazame.

Yule mchimbaji bado alikuwa kivulini. Alikuwa amesikia yote na, kwa adabu, alikuwa akitazama upande mwingine. Nikaokota jiwe mkekani, nikapuliza vumbi, sikulisugua. Nikaweka jiwe huku, nati kule, nikaachia mkono. Kijiti kiliyumba kwa muda mrefu. Kikatulia.

Hakufungua karatasi yake mara moja. Aliinama, akamtazama mzungu na ndege wake.

"Binti," akasema, "jiwe ni lile lile la baba yako?"

"Ni lile lile," nikamjibu, ingawa tangu niijue bei yake sikuwa na hakika.

Akafungua karatasi.